Gari kuukuu likizima ukikanyaga breki: anzia hapa kabla ya kununua kipuri

"Fundi, gari lanizimikia kila tuta." Ndivyo alivyoniambia mzee mmoja aliyekuja Malindi kutoka Mambrui na Corolla 110 yake. Alishabadilishiwa plagi na pampu ya petroli kwingine, na gari likaendelea kuzima vilevile. Ubovu ulikuwa kwenye busta ya breki, na kuujua kulinichukua dakika kumi bila kufungua nati hata moja.

Utahitaji koleo, kitambaa, kopo la dawa ya kusafishia kabureta na mtu wa kukusaidia.

1. Tenganisha breki na mafuta

Ukifunga breki barabarani, mambo mawili hutokea kwa pamoja: mguu umetoka kwenye mafuta, na pedali ya breki imeshuka. Lipi kati ya hayo linaua injini? Usipige ramli. Egesha pahali tambarare, vuta hendibreki, weka nyutro, na injini iwe inawaka na imeshapata joto.

Kanyaga breki kwa nguvu. Injini ikitetemeka au ikizima, nenda hatua ya 2. Ikitulia, achia breki, panda mafuta hadi mizunguko 2,500 kwa dakika, kisha toa mguu ghafla. Ikizima hapo, breki haina kosa. Ruka hadi hatua ya 3.

2. Busta

Ni lile bati jeusi la duara, mfano wa sufuria iliyofunikwa, nyuma ya masta silinda (pampu ya mafuta ya breki). Hukusaidia kusukuma breki kwa kutumia mvuto wa hewa wa injini, unaopitia kwenye mpira mnene kutoka kwenye manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini). Ndani mna kiwambo, yaani utando wa mpira. Kikichanika, kila ukikanyaga breki hewa ya ziada huvutwa hadi kwenye injini, uwiano wake na petroli unavurugika, na injini inakata roho.

Zima injini. Kanyaga pedali mara tano mpaka iwe ngumu, ishikilie hapo, kisha washa. Busta nzima huiacha pedali ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, tatizo ni busta, mpira wake, au vali ya njia moja iliyo kwenye mpira huo.

Sasa tega sikio injini ikiwaka na breki imekanyagwa. Mlio wa "ssss" chini ya dashibodi, karibu na mguu, ni wa kiwambo. Ukitokea upande wa injini, kagua mpira wote, hasa pale unapojipinda.

Kwa uhakika, zungushia mpira kitambaa, ubane kwa koleo karibu na busta, na mwenzako akanyage breki. Injini iliyokuwa ikizima ikitulia sasa, busta ndiyo mwizi. Gari la yule mzee lilitulia tuli. Lakini usithubutu kuliendesha hivyo, maana pedali itakuwa ngumu kama jiwe.

Wako wanaofungua busta na kubandika gundi. Mimi hapana. Tafuta busta nyingine nzima, hata kama ni ya mtumba, na uirudie hatua hii ukishaifunga.

Na likikuzimikia njiani, kanyaga mara moja ushikilie. Busta huwa imebakiza nguvu ya mkanyago mmoja au miwili tu, ukipampu, unaimaliza.

3. Njia ndogo ya hewa

Mguu ukitoka kwenye mafuta, kile kibati cha throtoli hufunga, na injini hupumua kupitia vali ndogo. Kwenye gari kuukuu vali hiyo hujaa masizi. Chomoa tamino hasi ya betri, fungua bomba la hewa, pulizia dawa kwenye kibati na njia ya vali, pangusa mpaka kitambaa kitoke safi. Ukiitoa vali yenyewe, rudisha na gasketi mpya. Skrubu inayozuia kibati usiiguse: ukiikaza mlio unapanda, mteja anafurahi, na ubovu unabaki palepale.

Kama ni la kabureta, zibua jeti ya sailensa (kitundu kinachopitisha petroli mguu ukiwa nje ya mafuta, si sailensa ya moshi) na uangalie kimo cha boya lililo ndani ya kabureta.

4. Otomatiki peke yake

Limefaulu majaribio yote likiwa limesimama, lakini likitoka Gede kwa kasi huzima linapokaribia kusimama? Huenda kufuli ya toki konvata (kiungo cha injini na gia) imegoma kuachia, sawa na gari la gia za mkono linalosimamishwa bila kukanyaga klachi. Kwenye barabara tupu, ingiza nyutro kabla halijasimama. Lisipozima, pima mafuta ya gia kwanza, kisha umpelekee fundi wa gia akague solenoidi, vali ya umeme inayoendesha kufuli hiyo.

5. Chumvi

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada. Kama busta ni nzima na injini bado inayumba ukikanyaga breki, kumbuka kuwa taa za breki hula umeme, na waya wa athi (unaounganisha betri na bodi) ulioliwa na chumvi huangusha injini ambayo tayari ni dhaifu. Bila kugusa breki, washa taa kubwa na feni. Injini ikiyumba vilevile, pima betri injini ikiwaka: volti 13.8 hadi 14.4 ni nzuri. Zikiwa chini ya hapo, kagua altaneta na mkanda wake. Zikiwa sawa, fuata waya wa athi kutoka betri hadi kwenye bodi na injini, na ukate plastiki kidogo mwishoni. Nimekuta waya unaong'aa kwa nje, ndani umebaki unga wa kijani. Kata hadi ufikie shaba safi, funga kichwa kipya, paka grisi.