Jinsi ya Kupanga Siku Nne za Istanbul

Binamu yangu na mkewe walinijia na orodha ndefu ya mahali pa kutembelea Istanbul, wakitaka niwapangie siku nne. Niliwaomba tuiweke orodha kando kwanza. Mji ule unapangwa kwa mambo mawili: siku hiyo uko upande gani wa maji, na siku hiyo ni mlango upi umefungwa. Ukishayajua hayo, orodha inajipanga yenyewe. Hizi ndizo hatua tulizofuata.

1. Viza kabla ya tiketi

Fungua evisa.gov.tr, tovuti rasmi ya serikali ya Uturuki, chagua nchi iliyotoa pasipoti yako na usome masharti yake. Usitegemee majibu ya kundi la WhatsApp, maana kila pasipoti ina masharti yake. Mzaliwa wa Tanga mwenye pasipoti ya Uingereza atakwambia ukweli wake, lakini hautakusaidia wewe. Mataifa kadhaa hupata viza ya mtandaoni pale tu mwombaji anapokuwa na viza hai ya Schengen, Uingereza, Marekani au Ireland. Asiye nayo anaomba kupitia ubalozi, na Uturuki ina ubalozi Dar es Salaam na Nairobi. Kuna tovuti za mawakala zilizotengenezwa zifanane na ile rasmi, nazo hutoza ada juu ya ada. Anwani isiyoishia na gov.tr, ifunge.

2. Tiketi

Kununua tiketi unajua. Angalia tu jina la uwanja: IST uko upande wa Ulaya, SAW (Sabiha Gökçen) uko upande wa Asia. Saa zao ni sawa na za Afrika Mashariki mwaka mzima, kwa hiyo mwili hausumbuki.

3. Lala Sirkeci

Watu wengi huelekezwa Taksim. Mimi nasema Sirkeci, tena kwa msisitizo. Tramu ya T1 inapita hapo. Treni ya Marmaray, inayopita tangu 2013 chini ya Bosphorus, mlango-bahari unaotenganisha Ulaya na Asia, ina kituo hapo. Vivuko vya Eminönü viko jirani, na mtaa wa kihistoria wa Sultanahmet unaufikia kwa miguu. Galata na Cihangir ni mitaa mizuri ila ni ya milima, na ramani ya simu inakuonyesha mita mia nne bila kukuambia kwamba zote ni za kupanda. Ukisafiri na mzee au sanduku zito, usilale huko.

Ukishukia SAW, panda metro ya M4 hadi Ayrılık Çeşmesi, badilisha, chukua Marmaray hadi Sirkeci. Ukishukia IST, basi la Havaist ni rahisi kuliko metro kama una mizigo.

4. Kupanga siku zenyewe

Hapa ndipo jioni yetu nzima iliishia, na hapa ndipo nakuomba usome taratibu.

Chukua karatasi, andika siku za wiki utakazokuwa huko, kisha ukate zilizofungwa. Jumapili, soko la Kapalıçarşı limefungwa. Jumatatu, kasri la Dolmabahçe limefungwa. Jumanne, kasri la Topkapı limefungwa. Ijumaa, Hagia Sophia haipokei watalii hadi saa nane na nusu mchana. Safari ikiangukia Idi, soko la Kapalıçarşı hufungwa sikukuu yote, kwa hiyo linganisha tarehe na kalenda ya Kiislamu kabla hujalipia hoteli.

Baada ya hapo, tazama nyakati za swala. Msikiti wa Sultanahmet, wenye minara sita, hauna kiingilio, lakini wageni husimamishwa nje wakati wa swala. Adhuhuri huingia karibu saa saba mchana. Tumia ratiba ya mwezi utakaosafiri. Ile uliyoikuta kwenye makala ya mwaka juzi iache.

Hagia Sophia ndiyo inayochanganya watu kuliko zote. Ilikamilika mwaka 537 ikiwa kanisa, ikawa msikiti 1453, ikawa makumbusho katika miaka ya 1930, na tangu Julai 2020 ni msikiti tena. Tangu Januari 2024 watalii na wanaoswali wametenganishwa: mtalii wa kigeni hulipa euro 25 na kupelekwa ghorofa ya juu, anayekwenda kuswali huingia chini bure. Binamu yangu alifurahi, akasema basi wao wataswali na kumaliza. Nilimwambia asubiri. Mozaiki maarufu ya Deesis, yenye Yesu, Maria na Yohana Mbatizaji, iko ghorofani, na aliyekaa kwenye zulia haioni. Anayekuja kwa ibada tu, chini panamtosha. Anayetaka na historia, aswali kwanza, kisha akate tiketi. Kina mama wabebe mtandio. Kanga inafaa kabisa.

Kwa mtu anayefika Alhamisi na kuondoka Jumatatu, mpango ulikuwa hivi:

Alhamisi, Süleymaniye na Eminönü. Siku ya kufika usijibebeshe mengi. Süleymaniye, kazi ya msanifu majengo Mimar Sinan iliyokamilika 1557, kwangu mimi ndio msikiti mzuri kuliko yote mjini, na uwanja wake unatazama ghuba ya Pembe ya Dhahabu. Watu hukimbilia Sultanahmet wakaukosa huu, na inasikitisha.

Ijumaa, Topkapı asubuhi mlango unapofunguliwa. Ndani kuna chumba cha amana takatifu, pamoja na joho la Mtume, kwa hiyo usipangie kasri lile saa moja. Baada ya swala ya Ijumaa, Hagia Sophia na Yerebatan, birika la chini ya ardhi la karne ya 6.

Jumamosi, Kapalıçarşı asubuhi, kisha T1 hadi kituo cha mwisho cha Kabataş, na kwa miguu hadi Dolmabahçe. Usichelewe, tiketi hufungwa alasiri.

Jumapili, Eyüp asubuhi, kwenye kaburi la sahaba Abu Ayyub al-Ansari. Tramu ya T5 inaondokea Eminönü. Mchana, vuka kwenda Asia.

Safari yako ikianza siku nyingine, usinakili mpango huu. Rudi kwenye karatasi.

Ukitaka nguo za biashara, huo ni mpango wa peke yake. Maduka ya Laleli na Merter huuza kwa seri, yaani pakiti ya saizi zote pamoja, na kuchanganya kazi hiyo na matembezi huharibu vyote viwili.

5. Istanbulkart

Hii ndiyo kadi ya nauli za mjini. Inunue kwenye mashine za vituoni. Kadi moja inaweza kulipia watu kadhaa, lakini punguzo la kubadilisha chombo ni la wa kwanza tu, ndiyo maana napendelea kila mtu awe na yake. Kwenye Marmaray, ukiingia unakatwa nauli ya safari ndefu kabisa. Ukitoka, gusa kadi kwenye mashine iliyoandikwa *iade* urudishiwe iliyozidi. Wageni wengi huipita.

6. Vuka kwa kivuko cha wananchi

Usilipie boti za kitalii zinazokuitaita Eminönü. Vivuko vya Şehir Hatları hupokea Istanbulkart na huenda Kadıköy na Üsküdar, vikijaa watu wa kazini kama pantoni ya Kigamboni. Kaa nje, nunua chai. Ukitaka Bosphorus yote, kampuni hiyo hiyo ina safari ndefu kutoka Eminönü hadi Anadolu Kavağı.

7. Fedha na kula

Beba dola safi zisizokunjwa na ubadilishe karibu na Kapalıçarşı, uwanjani badilisha za siku ya kwanza tu. Bei za lira hupanda haraka, basi bei ya makala ya zamani usiipigie hesabu. Kula kwenye lokanta, yaani mgahawa wa kawaida, ambako chakula kiko wazi kwenye sinia na wewe unaonyesha kwa kidole. Supu ya dengu, mercimek, ipo karibu kila moja.

8. Kurudi

Soma tena jina la uwanja kwenye tiketi. Metro kwa kawaida hulala kuanzia usiku wa manane hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo mwenye ndege ya alfajiri aangalie ratiba ya Havaist tangu jana yake na afike kituoni mapema.