SOMO: Kuchagua plasmidi kulingana na kazi (soma kabla ya kuuliza)

Kila wiki naulizwa lile lile: "Nitumie plasmidi gani?" Nimelijibu kwenye simu, nimelijibu hata nikiwa foleni ya feri Likoni. Leo naliandika mara moja. Plasmidi ni duara dogo la DNA linalojinakili ndani ya bakteria, na maelezo yote hapa ni ya bakteria E. coli.

1. Taja kazi kwanza: kuzidisha DNA, kutengeneza protini, kuendesha saketi ya jeni (jeni zinazowashana na kuzimana), au kuhariri kromosomu.

2. Kuzidisha DNA: pUC19. Ni ndogo, jozi 2,686 za besi, nakala mia kadhaa kwa kila seli.

3. Protini nyingi: familia ya pET, ndani ya seli za BL21(DE3). Seli za DH5α hazina polimeresi ya T7, kimeng'enya kinachosoma jeni za pET, hutapata kitu.

4. Saketi: nakala chache. Idadi huamuliwa na orijini, yaani sehemu ya plasmidi ambapo kunakiliwa huanzia: orijini ya pSC101 hukaa kwenye nakala 5 hivi, p15A kwenye 10 na kidogo.

5. Plasmidi mbili ndani ya seli moja: angalia orijini. Hapa nisikilizeni vizuri, maana hapa nilipoteza wiki tano. Nilikuwa na jeni ya protini nyekundu kwenye plasmidi ya ampisilini (yaani inayoikinga seli dhidi ya dawa hiyo), na jeni nyingine kwenye pET-28a, ambayo ni ya kanamaisini. Nikajiambia, dawa ni tofauti, zitakaa pamoja. Koloni zikaota. Siku ya tatu nikazungusha mrija kwenye sentrifuji nikitarajia wekundu wa mabuyu pale chini. Nikakuta tonge la rangi ya uji. Zote mbili zilikuwa na orijini za ukoo mmoja, pMB1. Seli huzihesabu nakala za ukoo huo kwa pamoja, haijui ipi ni ipi, na vizazi vikipita moja huimeza nyingine. Ampisilini nayo haikuniokoa: kimeng'enya kinachoivunja huvuja nje ya seli na kuimaliza dawa mle chupani, kwa hiyo seli zilizokwisha kuitupa plasmidi nyekundu ziliendelea kuishi.

Basi shikeni hili: dawa tofauti haimaanishi orijini tofauti. pUC, pBR322 na pET ni ukoo mmoja, msiziweke pamoja. Mwenzake pET ni ya p15A, kama pACYC184. Na msiamini jina wala neno la aliyekupa. Fungua ramani, itafute orijini kwa macho yako.

6. Peleka DNA ikasomwe mfuatano kabla ya kuendelea.

MASWALI

Kijana wa Majengo: Bro nataka plasmidi nzuri, haraka tafadhali.
— Hatua ya 1.

Kijana wa Majengo: Nimesoma yote. Ipi bora?
— Hujasoma. Andika kazi, aina ya seli na dawa ulizo nazo, nitakujibu.

Binti Tudor: Shikamoo mwalimu. Kama pUC hutoa DNA nyingi, kwa nini saketi isikae humo?
— Marahaba mwanangu, umeuliza la maana. Promota (swichi za kuwashia jeni) zikiwa mamia, protini ya kuzizima haitoshi kuzifikia zote, na swichi inavuja hata ukiizima. Halafu seli inalemewa, inakua polepole. Ikitokea moja ambayo jeni yako imeharibika, hiyo inakuwa nyepesi na kuzipita zote. Kesho yake unavuna chupa ya seli zisizofanya kazi. Anza na p15A. Mwanga wa protini yako ukiwa hafifu ndipo upande kwenye nakala nyingi zaidi.

Binti Tudor: Na vile vikoloni vidogo vinavyozunguka koloni kubwa kwenye sahani ya ampisilini?
— Ni kimeng'enya kile kile kimevuja. Chukua kubwa tu, na usiache sahani zikae muda mrefu kwenye inkubeta. Karbenisilini hudumu zaidi ukiipata.

Mama Nyali: Kaka, pKD46 yangu, ile plasmidi ya kuhariri kromosomu, inapotea kabla sijahariri. Naiotesha kwenye nyuzi 30 kama inavyotakiwa.
— Dada, inkubeta yako inapoza au inapasha tu?

Mama Nyali: Inapasha tu.
— Msimu huu wa kaskazi chumba chenyewe kinapita 30, na mashine isiyopoza haiwezi kushuka chini ya chumba. Orijini ya pKD46 haivumilii joto; 37 ndiyo tunayotumia kuifukuza. Weka kipimajoto ndani, usiamini namba ya mlangoni.

Mama Nyali: Nimepima. 33.
— Hamishia inkubeta kwenye chumba chenye AC, na uanze upya na seli za friza, si zile za sahani.