Seti ndogo ya vifaa vya gari: anza na nati za gari lako mwenyewe

Juzi nilimsaidia kijana mmoja kubadilisha tairi. Kwenye buti alikuwa na sanduku jipya la vifaa, lile la plastiki, soketi zimejipanga kwa ukubwa mpaka unaona raha kuziangalia. Soketi kubwa kuliko zote ilikuwa namba 14, yaani milimita 14. Nati za magurudumu yake zilikuwa 21. Sanduku zima halikuwa na kitu cha kumtoa pale.

Ndiyo maana siandiki orodha ya kwenda nayo dukani. Seti inayofaa hutokana na gari lenyewe, na inatosha kwenye kifurushi unachokibeba kwa mkono mmoja. Nitaeleza jinsi ninavyoiandaa.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kununua

Azima seti kamili ya soketi kwa saa moja, fungua boneti, shika daftari. Jaribu kila nati na skrubu ambayo ungeweza kulazimika kuigusa ukiwa njiani: vichwa vya betri, klampu za mipira ya rejeta, boksi la chujio la hewa, taa, bati la chini ya injini. Andika namba iliyoingia bila kucheza.

Magari mengi ya Kijapani yatakupa 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21. Ya Ulaya mara nyingi ni 8, 10, 13, 16 na 18, na juu yake kuna skrubu za Torx (zenye tundu la nyota ya ncha sita), hasa T20, T25 na T30. Tofauti hii inatokana na viwango vya vichwa vya bolti: bolti ileile yenye uzi wa milimita 8 huja na kichwa cha 12 kwenye gari la Kijapani na cha 13 kwenye la Kijerumani. Ukiweka spana ya 13 kwenye kichwa cha 12 itashika kidogo, halafu iteleze na kula pembe zote. Baada ya hapo hata spana sahihi haishiki tena.

Daftari langu huwa halizidi namba saba au nane. Hizo ndizo ninazonunua, moja moja, za chuma kizuri cha kromu-vanadi.

Hatua ya 2: Magurudumu

Hapa nitakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokwamia saa nzima au zaidi huku vifaa wanavyo.

Wili spana inayokuja na gari ina mkono mfupi. Tuseme ni sentimita 30. Nati ya gari dogo hukazwa kwa kiasi cha nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 100 hivi. Kwa mkono huo unahitaji kusukuma kwa uzito wa kilo 34, jambo linalowezekana. Lakini fundi akikaza kwa bunduki ya upepo bila kupima, akafika 250, mkono uleule utadai kilo 85, tena kabla hujahesabu kutu. Ongeza mkono uwe sentimita 60, unarudi kwenye kilo 42 au 43. Kwa hiyo kitu cha kwanza kuingia kwenye seti yangu ni mkono mrefu wenye kichwa cha mraba cha nusu inchi cha kupachika soketi, ule mzima usio na racheti (meno ya ndani yanayoufanya ukaze upande mmoja tu). Usitumie racheti kufungulia magurudumu, meno yake yatavunjika. Na usiongezee bomba kwenye wili spana nyembamba.

Soketi iwe ndefu na ya pembe sita. Zile za pembe kumi na mbili sizitaki kabisa kwenye magurudumu, zinashika ncha tu za nati na kuzilainisha. Kama una rimu za alumini, angalia pia unene wa ukuta wa soketi: matundu ya rimu nyingi ni membamba, na soketi nene itagoma kuingia au itakwangua rimu.

Sasa ijaribu kwenye kila nati ya kila gurudumu. Usiridhike na moja. Nati zenye kofia ya bati linalong'aa huingiwa na kutu ndani, bati linavimba, na nati iliyokuwa 19 inakataa soketi ya 19 huku ya 20 ikicheza. Ukikuta hizo, badilisha ziwe nati za chuma kizima ukiwa bado nyumbani. Mara nyingine pia mtu aliyekutangulia kwenye gari alipoteza nati moja akaweka ya saizi nyingine.

Kama gurudumu lina nati ya kuzuia wizi, ufunguo wake ndio kifaa muhimu kuliko vyote ulivyonavyo. Ni kipande kidogo chenye umbo la pekee na ni rahisi kusahaulika kwa fundi. Ushike mkononi, uingize, ufungue kweli. Kama umepasuka au hauonekani, ondoa nati hizo zote uweke za kawaida.

Magari yanayotumia bolti badala ya nati yana mtego mwingine: tairi la akiba la rimu ya chuma wakati mwingine huhitaji bolti fupi kuliko za rimu ya alumini. Bolti ndefu inaweza kupenya na kugusa sehemu za breki. Soma kitabu cha gari, na kama bolti fupi zinahitajika, zikae kwenye seti.

Ongeza nyundo ya mpira, kwa sababu rimu hung'ang'ania habu (kitovu ambacho gurudumu hufungwa juu yake) kwa kutu hata nati zote zikiwa zimetoka. Pigapiga upande wa ndani wa tairi, zungusha, piga tena. Usifanye hivyo ukiwa umeingia chini ya gari. Brashi ndogo ya waya ya kusafishia habu na nyuzi za bolti inafaa pia. Nyuzi zirudi kavu: ukipaka oili, mkono uleule utakaza kupita kiasi. Na kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki, kwa sababu ardhi laini inaimeza jeki pole pole wakati gari liko juu.

Mpangilio wa kufungua unaujua: legeza nati kidogo gurudumu likiwa chini, ndipo upandishe. Kaza kwa msalaba, yaani nati moja kisha iliyo upande wa pili wake, na baada ya kilomita 50 hadi 100 pitia tena.

Hatua ya 3: Spana na bisibisi

Spana zenye ringi upande mmoja na mdomo upande mwingine, kwa namba za daftari. Soketi za namba hizohizo zenye racheti ya kichwa cha inchi 3/8; ya robo inchi ni dhaifu kwa kazi nyingi. Bisibisi moja bapa, moja ya nyota. Plaisi moja na koleo la kujifunga moja. Spana ya kurekebisha naiacha nyumbani.

Hatua ya 4: Umeme

Mita ndogo ya umeme hutoa jibu haraka kuliko kubahatisha. Betri iliyojaa, gari likiwa limezimwa na limepumzika, husoma volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka isome kati ya 13.5 na 14.5. Ikiendelea kushuka chini ya 12.6 injini ikiwaka, altaneta (jenereta ya gari) haichaji, na kubusti betri hakutakufikisha mbali.

Fyuzi za akiba zifuate umbo la zile za gari lako, kwa sababu kuna ndogo, za kawaida na fupi. Rangi zinasaidia gizani: nyekundu ni 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Kamwe usipachike kubwa zaidi ya iliyoungua. Waya ndio utakaoungua badala yake.

Tochi iwe ya kuvaa kichwani.

Hatua ya 5: Vya kufungia

Tepu ya umeme, kamba za plastiki za kubana, waya laini wa chuma, klampu mbili za saizi ya mipira ya rejeta yako. Na glavu.

Hatua ya 6: Kufunga kifurushi

Sanduku la plastiki linagonga, linachukua nafasi na klipu zake huvunjika. Mimi natumia turubai lenye mifuko iliyoshonwa, linalokunjwa na kufungwa kwa mkanda. Ukilikunjua linakuwa pia mkeka wa kupigia magoti, na mfuko mtupu unakuambia hapohapo kifaa gani kimebaki kwenye injini. Funika vyuma kwa oili kidogo kwa kitambaa. Mkono mrefu hauingii, uufunge pembeni mwa jeki.

Usiweke kifurushi chini ya mizigo yote ya buti, wala wazi kwenye kiti cha nyuma. Gari likifunga breki ghafla, chuma hicho kitaruka. Kifunge kwa mkanda kwenye ndoano za buti.

Kisha, siku ya mapumziko, badilisha gurudumu moja kwa kutumia kifurushi hicho peke yake, bila kuingia ndani kuchukua chochote. Utakachokitamani wakati huo, kiongeze. Ambacho hukukigusa na hakimo kwenye daftari, kitoe.