Jinsi ya kuisoma orodha ya wagombea wa vyama vidogo vya Kikristo Uholanzi kabla hujashika penseli nyekundu

Jamani hii naiandika kwa ajili yetu sisi tuliotoka Bongo, Kenya, Kongo, Burundi, tukaja Uholanzi na tukapata pasipoti ya huku. Kila uchaguzi wa bunge ukikaribia naulizwa swali lilelile baada ya ibada, tena na watu wazima wenye heshima zao, "mwanangu hivi vyama vya Kikristo vya hapa nimpigie nani?" na kabla sijajibu mama mmoja anadakia "si wote ni wa Mungu tu, chagua yeyote." Hapana mama yangu, sio wote ni sawa, na ukienda na mawazo hayo kura yako inaweza kufanya kazi kinyume kabisa na ulichokuwa unataka.

Tatizo letu ni kwamba kule tulikotoka vitu hivi hatukuviona. Kenya katiba ya 2010 ibara ya 91 inakataza chama kujengwa juu ya msingi wa dini, na wazee wa Mombasa wanakumbuka vizuri chama cha Kiislamu cha IPK kilivyonyimwa usajili mwanzoni mwa miaka ya 90 vyama vingi viliporudi. Tanzania nayo sheria hairuhusu kusajili chama cha dini. Sasa ukitua huku ukakuta chama kina neno Kristo kwenye jina lake moyo unaruka, unahisi ni kama tawi la kanisa, kumbe ni chama kama chama kingine, kina wagombea, kina rekodi ya kura bungeni, kina mambo kinayataka na mengine hakiyataki.

Kwanza jua wako wangapi. Wenye viti bungeni ni wawili wadogo, SGP na ChristenUnie. CDA nao wana asili ya Kikristo lakini hao ni chama kikubwa, hesabu zao ni nyingine, leo tuwaache. SGP ni wazee, wameanza 1918, wakapata kiti cha kwanza 1922, na tangu hapo hawajawahi kuingia serikalini hata mara moja. Ni watu wa makanisa ya Kiprotestanti yale ya msimamo mkali, wengi wako kwenye ule ukanda unaoanzia Zeeland unapita Veluwe mpaka Staphorst, na Urk pia. ChristenUnie wamezaliwa 2000 baada ya vyama viwili vidogo kuungana, na wao serikalini wameingia, 2007 mpaka 2010, halafu tena 2017 mpaka 2024. Kwa hiyo ukiwa unampigia mgombea wa SGP unamtuma mtu akasimamie msimamo wake bungeni, ukimpigia wa ChristenUnie kuna uwezekano kabisa unamtuma mtu akakae mezani akubaliane na watu wasioamini anachoamini yeye. Jiulize unataka lipi.

Haya, hesabu. Usiruke hapa maana ndipo watu wengi wanapotea. Bunge la chini, Tweede Kamer, lina viti 150, na nchi nzima inahesabiwa kama jimbo moja. Unachukua kura zote halali unagawa kwa 150, unachopata ndio bei ya kiti kimoja, wenyewe wanaita kiesdeler. Mwaka 2023 bei hiyo ilikuwa kama kura 69,500. SGP walipata kura laki 2 na elfu 17 hivi, ChristenUnie laki 2 na elfu 12 hivi, kila mmoja viti 3. Sasa zidisha 69,500 mara 3, unapata 208,500. Unaona? ChristenUnie walivuka kiti cha tatu kwa kura kama elfu 4 tu, chini ya hapo wangeanza kutegemea viti vya mabaki, yaani vile vinavyobaki baada ya mgao wa kwanza, na mgao wa mabaki unawapendelea vyama vikubwa. Zamani vyama hivi viwili vilikuwa vinaunganisha orodha zao ili vifaidike na mabaki kwa pamoja, lakini ruhusa hiyo imefutwa 2017, kwa hiyo siku hizi kila mtu anabeba mzigo wake. Uchaguzi wa Oktoba 2025 nao wakatoka na 3 na 3 vilevile. Ndio maana mtu akiniambia "ah kura yangu moja itafanya nini" mimi namwambia kwenye chama kikubwa sawa ongea hivyo, lakini kwenye chama cha viti vitatu kanisa moja lenye watu wengi ni kitu.

Sasa ichukue orodha yenyewe. Manispaa inakuletea karatasi ya majina nyumbani siku chache kabla, usiitupe na matangazo ya supamaketi. Orodha inaweza kuwa na majina mpaka 50, na wewe huchagui chama, unachagua mtu, unapaka kwa penseli nyekundu kiduara kimoja mbele ya jina moja. Watu wengi wanaweka alama kwa namba 1 kwa mazoea. Namba 1 haihitaji kura yako binafsi, yeye ataingia tu chama kikipata kiti. Wa kuwaangalia sana ni namba 3, 4 na 5, hao ndio wako mlangoni, mmoja anaingia mwingine anabaki nje. Halafu kuna njia ya mtu wa chini kuruka juu. Akipata kura zake mwenyewe zinazofika robo ya ile bei ya kiti, na chama chake kina kiti cha kumpa, anapita hata kama alikuwa namba 12. Kwa 2023 hiyo robo ilikuwa kama kura 17,400, yaani kwa chama chenye kura laki 2 na kidogo ni kama asilimia 8 ya kura zake zote. Ni nyingi lakini sio mbinguni, jamii ikikubaliana mapema inawezekana.

Hapo ndipo yule mama wa kanisani kwetu alipokosea, na simlaumu hakuna aliyemwelekeza. Alimpigia mtu wa chini kabisa kwenye orodha kwa sababu aliwahi kusali naye, akarudi nyumbani akiamini amempeleka bungeni. Kura yake haikupotea, ilihesabiwa kwa chama, lakini aliyefaidika ni mtu wa juu ambaye mama hakuwahi hata kusoma anasimamia nini. Kwa hiyo sheria yangu mimi ni hii, ukimpigia mtu wa chini hakikisha kwanza wale watatu wa juu unaweza kuishi nao, maana wao ndio wataenda.

Na unawajuaje? Usiishie kwenye vipeperushi, wala kwenye zile programu za maswali kama StemWijzer peke yake, ni nzuri kwa kuanzia tu. Angalia walivyopiga kura bungeni, iko wazi kwenye tovuti ya bunge, na chukua jambo moja linalokugusa ulifuatilie. Mimi nachukua la wakimbizi na kuleta familia kwa sababu nusu ya waumini wetu wamepita huko. Julai 2023 serikali ya waziri mkuu Rutte ilianguka kwa jambo hilohilo, walitaka kubana haki ya wakimbizi kuleta familia zao, ChristenUnie wakiongozwa na Mirjam Bikker wakakataa kuusaini mpango, serikali ikavunjika. SGP kwenye uhamiaji wako upande wa kubana. Wote wawili wanafungua Biblia ileile, wote wanapinga utoaji mimba, wote wanapinga kulegeza sheria ya kumsaidia mtu kufa, lakini wewe uliyesubiri miaka mitatu mke na watoto waje ukiweka alama kwa kuangalia neno dini tu unaweza kumpa nguvu mtu ambaye angekufungia mlango. Na kinyume chake pia, kama wewe la kwanza kwako ni Jumapili iheshimiwe na maduka yafungwe basi SGP ndio wanaolisimamia kwa nguvu kuliko wote, chagua ukijua.

Kwa kina mama na mabinti kuna jambo mnapaswa kulijua kuhusu SGP. Kwa miaka mingi chama hicho hakikuruhusu mwanamke kugombea, kwa imani kwamba uongozi ni wa mwanaume. Kesi ikaenda mpaka mahakama ya juu, 2010 ikaamuliwa kwamba serikali lazima ichukue hatua, chama kikakimbilia mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, 2012 kikagonga mwamba, 2013 kikaondoa kizuizi kwenye kanuni zake. 2014 Lilian Janse akawa diwani wa kwanza mwanamke wa SGP kule Vlissingen. Bungeni mpaka sasa hawajawahi kupeleka mwanamke. ChristenUnie upande wao Carola Schouten alikuwa naibu waziri mkuu na Bikker ndio anaongoza chama. Sikuambii uchukie, nakuambia uangalie majina kwenye orodha ukiwa unajua historia hiyo. Na kwa vijana wetu wanaouliza kama kuna mtu anayefanana na sisi, yupo Don Ceder wa ChristenUnie, mwanasheria wa Amsterdam mwenye mama wa Ghana na baba wa Suriname, ameingia bungeni 2021 na 2023 alikuwa mmoja wa wale watatu. Lakini hata yeye soma rekodi yake, rangi isikutoshe kama ambavyo msalaba haupaswi kukutosha.

Waislamu wenzetu wa Pwani na Zanzibar nao huwa wananiuliza wao wana nini hapo. Kuna kitu. Ibara ya 23 ya katiba ya Uholanzi ndio inafanya shule za dini zilipwe na serikali sawa na shule za kawaida, tangu 1917, na shule za Kiislamu zinasimama juu ya ibara hiyohiyo ambayo vyama hivi viwili vinailinda. Ila SGP hawahawa wanapinga adhana kwa spika, kwa hiyo pima mwenyewe. Kuna Waislamu waliojaribu njia yao, chama cha Nida kilichoanzia Rotterdam kikagombea bunge 2021 hakikupata kiti. Jezus Leeft nao wa Kikristo waligombea 2017 na 2021, bila kiti. Chama kisicho na kiti kinatakiwa kuweka dhamana ya euro 11,250 na sahihi 30 kwenye kila mkoa wa uchaguzi (Bonaire ni 10) ili kionekane nchi nzima, na dhamana hairudi mpaka ufikishe robo tatu ya bei ya kiti. Ukikuta jina la namna hiyo kwenye karatasi jua watu wamejinyima kufika hapo, ila jua pia kura yako huko ina hatari ya kutozaa kiti.

Siku yenyewe, kwa kawaida ni Jumatano. Beba stempas, yaani kadi yako ya kupigia kura, na kitambulisho, hata kilichoisha muda kinakubalika kama hakijapitisha miaka mitano. Kituo chochote ndani ya manispaa yako. Karatasi ni kubwa kama kitambaa cha meza ndogo, kwa hiyo andika nyumbani jina la chama na namba ya mgombea kwenye kikaratasi uingie nacho. Kiduara kimoja tu, chekundu, ukipaka viwili imeharibika, omba karatasi nyingine, wanakubadilishia mara moja tu.

Na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu nimeliona likitaka kutokea: hakuna mchungaji, shehe, mzee wa kanisa wala mwenyekiti wa umoja wetu anayeruhusiwa kuzunguka akikusanya stempas za watu eti "niachie nitakupigia." Kushawishi watu wakupe kura zao hivyo ni kosa la jinai huku. Kama unaumwa au uko kazini wewe mwenyewe ndio unamwomba mtu unayemwamini, unasaini nyuma ya stempas, unampa na kopi ya kitambulisho, na yeye anapiga yako pamoja na yake, asizidishe za watu wawili.

Ambao bado hamna pasipoti, bunge hamlipigii, ila ukishaishi hapa kihalali miaka mitano mfululizo uchaguzi wa madiwani unapiga. SGP na ChristenUnie wote wanasimamisha wagombea huko, sehemu nyingine kwenye orodha moja, na diwani unaweza kumkuta sokoni Jumamosi ukamuuliza uso kwa uso.