Kabla fundi hajafungua nati: kununua spea mtandaoni bila kupoteza haki yako

Spea ikishafungwa kwenye gari, ikapata grisi na mikwaruzo ya spana, muuzaji huwa na jibu lake tayari: "Fundi wako ndiye kaiharibu." Hapo hata ukiwa na sheria nzuri kiasi gani, utaulizwa ushahidi, na ushahidi huo ulipaswa kukusanywa wakati spea bado iko kwenye boksi.

Jambo la kwanza liko kabla hata ya kuagiza: hakikisha kilichoharibika ni hicho kweli. Watu hununua alteneta, kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, kwa sababu taa ya betri imewaka, kumbe mkanda umelegea au waya wa ethi, ule unaounganisha betri na bodi ya gari, umeoza. Alteneta mpya inafungwa, taa inabaki, na muuzaji analaumiwa bure. Pima kwanza. Injini ikiwa inanguruma, multimeta (kifaa cha kupimia umeme) kwenye vichwa vya betri isome takriban volti 13.5 hadi 14.5. Ikisoma 12 na kidogo, pima tena nyuma ya alteneta yenyewe. Kule ukikuta 14, spea haina kosa, tatizo liko njiani kwenye nyaya. Piga picha ya vipimo hivyo, vitakufaa baadaye. Magari mengi ya kisasa hushusha chaji yenyewe kwa makusudi, kwa hiyo kwa hayo fuata kitabu cha gari lako.

Unapoagiza, usitegemee jina la gari na mwaka peke yake. Mpe muuzaji namba ya chesisi, ambayo kwa magari mengi ina tarakimu na herufi 17, pamoja na namba iliyochapwa kwenye spea ya zamani, na umwombe athibitishe kwa maandishi kwamba inaingia. Sentensi moja tu ya "ndiyo, inaingia kwenye gari lako" ina uzito mkubwa, maana isipoingia, aliyekosea ni yeye. Hifadhi na picha ya skrini ya tangazo lenyewe, kwa sababu matangazo hubadilishwa. Lililosema "mpya, halisi" wiki iliyopita leo linaweza kusomeka "inafanana na halisi".

Angalia pia unanunua kwa nani. Soko la mtandaoni mara nyingi ni uwanja tu, mkataba wako ni na muuzaji aliye ndani yake. Kama ni mtu binafsi anayeuza kilichobaki stoo, kinga ya sheria za mlaji huwa ndogo sana, au haipo kabisa. Na kama ni kampuni, hakikisha ina anwani inayoeleweka na imeandika nani analipa usafiri wa kurudisha. Injini au giaboksi iliyotumika inaweza kukugharimu sana kuirudisha ilikotoka.

Halafu kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya, na kila moja lina haki yake. Umebadili mawazo, spea haiingii, spea ni mbovu. Kubadili mawazo kuna kinga maalumu katika baadhi ya nchi tu. Umoja wa Ulaya na Uingereza humpa mnunuzi wa mtandaoni siku 14 tangu apokee mzigo, lakini ukiitumia spea kupita kiasi cha kuikagua, muuzaji anaweza kukukata thamani iliyopungua. Ubovu ni habari nyingine kabisa. Kwa sheria ya Uingereza ya mwaka 2015, mlaji ana siku 30 za kuikataa bidhaa mbovu na kudai pesa zake zote. Baada ya hapo bado ana haki ya kutengenezewa au kubadilishiwa, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi 6, muuzaji ndiye mwenye kazi ya kuonyesha kwamba haikuwepo tangu mwanzo. Umoja wa Ulaya umeweka dhamana ya miaka 2 na kipindi hicho cha muuzaji kujitetea ni angalau mwaka 1. Soma sheria ya nchi yako mapema, na usikubali kuambiwa "nenda kwa mtengenezaji" kama sheria inamtaja muuzaji. Waranti ya kiwandani ni nyongeza juu ya haki hizo.

Mzigo ukifika, fungua boksi huku simu inarekodi. Weka spea mpya na ya zamani pamoja mezani. Hesabu mifereji ya puli, hesabu pini za soketi, linganisha matundu ya bolti na urefu wa shafti. Ni dakika tano tu, lakini wengi huziruka kwa sababu fundi anasubiri na gari liko juu ya jeki. Isipolingana, usijaribu kuilazimisha. Wauzaji wengi hukataa kurudishiwa vifaa vya umeme vilivyoonyesha dalili ya kufungwa.

Niliwahi kulaumu beringi isiyo na kosa. Beringi mpya ya gurudumu la mbele, gari linatoka gereji, taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kukwama unapofunga breki, inawaka. Nikamwandikia muuzaji ujumbe mkali. Fundi wa pili alipoitoa, akachukua kibanio cha karatasi akakigusisha pande zote mbili. Upande mmoja ulikivuta, mwingine haukukivuta. Ule wenye sumaku ndio unaosomwa na sensa ya mwendo wa gurudumu, na wa kwanza alikuwa ameugeuzia nje. Beringi ikishang'olewa kwa presi haifai tena, kwa hiyo hasara ilikuwa yetu, na barua ya kuomba radhi niliiandika mimi.

Tangu siku hiyo nataka risiti ya gereji inayotaja tarehe, kilomita, namba ya spea na kazi iliyofanyika. Fundi asiyependa kuandika risiti ni wa kufikiria mara mbili, maana ndiye shahidi wako. Suala la ujira wake nalo lifikirie mapema, kwa sababu ukipewa spea nyingine bado kuna kazi ya kutoa na kufunga upya. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika kesi zilizohusu vigae vya sakafu na mashine ya kuoshea vyombo, iliamua kwamba muuzaji anayebadilisha bidhaa mbovu abebe pia gharama hizo. Kwingine muulize muuzaji kabla ya kulipa.

Ikiharibika, simamisha gari, hasa kama ni breki au usukani. Mwandikie muuzaji siku hiyohiyo: ilifungwa lini, imefanya nini, unataka nini. Usimruhusu fundi kuifungua "aone ndani", kwani lakiri ikivunjwa umempa muuzaji kisingizio. Kama ulilipa kwa kadi, uliza benki muda wa kupinga malipo, kwa sababu una mwisho wake na hauongezwi kwa kuwa muuzaji anakuzungusha na ahadi.

Boksi lake na spea ya zamani vikae stoo mpaka siku za kurudisha zipite. Alteneta na kalipa za breki zilizokarabatiwa mara nyingi huuzwa kwa kuweka amana inayorudishwa ukipeleka ile ya zamani, na ukishaitupa kwenye vyuma chakavu amana imekwenda nayo.