Unataka kufungua shule ya praiveti Nairobi? Anza hapa

Watu wengi wanakodi nyumba Kayole, wanapaka rangi, wananunua madawati halafu ndo wanakumbuka leseni, hapo ushachelewa bana. Anza na jina, lisajili kama biashara ama kampuni, kisha tafuta hati ya shamba au lisi (mkataba wa kukodi) ya kueleweka.

Halafu ita afisa wa afya ya umma. Huyu usimchukulie poa, wetu alifungua kila mlango wa choo, akauliza maji ya kunawa yako wapi, akaturudisha wiki nzima juu ya dirisha moja halifunguki. Ripoti yake ndo unapeleka na fomu kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti, maana sheria ya elimu ya msingi ya 2013 hairuhusu kufundisha bila usajili.

Sasa walimu. Kuna ile dhana ati TSC, ile tume ya walimu, ni ya shule za serikali pekee, wacha! Sheria ya 2012 inamtaka kila mwalimu asajiliwe, hata wa praiveti, kwa hivyo kabla umwandike itisha namba ya TSC na cheti cha tabia njema kutoka DCI (idara ya upelelezi wa polisi), anaomba kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, alafu anaenda kuchukuliwa alama za vidole.