Kutambua uvimbe usio saratani katika njia za hewa kwa CT

Eksirei ya kifua inaweza kuonekana safi kabisa ilhali uvimbe umekaa ndani ya bronkasi, yaani mrija wa hewa wa pafu. Nimonia ikirudi mahali palepale, au sehemu ya pafu ikisinyaa bila sababu, usisite: omba CT, eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande.

Piga vipande vyembamba, milimita 1 hivi, kisha tengeneza picha za mbele na za ubavuni. Ongeza za mgonjwa akiwa ametoa pumzi. Hewa iliyonaswa nyuma ya kizuizi huonekana hapo.

Sasa pima msongamano. Lipoma ni mafuta matupu, karibu HU -100 (HU ni kizio cha msongamano kwenye CT), na haing'ai kwa kontrasti, dawa inayodungwa ili kung'arisha picha. Hamatoma, uvimbe usio saratani wa tishu za kawaida zilizochanganyika ovyo, mara nyingi huwa na mafuta, chokaa, au vyote viwili. Weka duara la kupimia katikati ya uvimbe, mbali na ukingo: hewa ikichanganyika na nyama ndani ya duara, kipimo hushuka na kudanganya kuwa ni mafuta. Vipande vinene huzidisha kosa hili.

Kohozi nalo huiga uvimbe. Mwambie mgonjwa akohoe kwa nguvu, rudia sehemu ileile tu. Likihama, si uvimbe.

Kinachong'aa sana kwa kontrasti huenda ni kasinoidi, ambayo ni saratani hata ikikua polepole. Hapo picha haitoshi. Bronkoskopi (kuchungulia njia za hewa kwa kamera) na biopsi (kupima kipande cha uvimbe) ndizo huthibitisha.